Upande wa Rosalie

Watu wa Tilbrook wana majivuno, na wala hawaombi radhi. Kijiji chenyewe ni nyumba chache za matofali mekundu kando ya mfereji, pale Birmingham inapochoka kuwa mji. Ukipiga chafya mwanzo wake, wa mwisho atakuitikia. Lakini wakati wa vita karakana yake iliunda boti za jeshi la majini, na mpaka leo bendera ya jeshi hilo hupandishwa juu ya paa kila boti mpya inaposhushwa. Muuza chipsi wa pale huizungumzia bahari utadhani inapita uani kwake. Kila mwamba ngoma huvutia kwake.

Huko ndiko alikohamia Rosalie, mjane kutoka mji wa Baraka, Kongo, akitokea mtaa wa Lozells mjini Birmingham na binti yake Précieuse. Naye hakuwa mtu wa kunyong'onyea. Baba yake aliunda boti za mbao Ziwa Tanganyika, na Rosalie alimshikia patasi tangu hajaota meno ya pili. Hata masanduku hajayafungua vizuri, akaingia karakana na kumwambia mkuu wake, mama mmoja mwenye mikono minene aitwaye Maureen, kwamba kazi ile anaijua. Maureen hakumkaribisha kiti. Alimpa nyundo.

Wakati huo walikuwa kwenye kalafati, yaani kushindilia pamba katikati ya ubao na ubao ili maji yasiingie. Watu wa Tilbrook pamba yao huichovya kwenye lami. Rosalie alipoiona lami akakunja uso.

"Kwetu iko mawese," alisema. "Lami ni ya barabara."

Walibishana mpaka chai ikapoa, kisha wakapatana: ubavu wa kulia ungezibwa na Maureen kwa lami, wa kushoto na Rosalie kwa mawese. Rosalie akaenda na binti yake kwenye maduka ya Coventry Road, wakarudi kwa basi, dumu la mawese mapajani mwake.

"Mum, everyone was staring," Précieuse alinung'unika walipofika, maana basi zima liliwakodolea macho. "It stinks."

"Inanuka kazi," mama yake akamjibu.

Tatizo ni kwamba mawese ya Baraka hayajawahi kukutana na Machi ya Birmingham. Kule yanamiminika kama chai; hapa yanaganda kama siagi. Rosalie aliyapasha moto, akachovya pamba, akashindilia, lakini kabla pamba haijashiba, mafuta yalikuwa yameshaganda juu juu. Aliliona hilo kwa macho yake. Akajiambia yataingia tu polepole, maana angerudi vipi kwa Maureen kuomba lami, baada ya maneno yote yale? Fahari ni kitu kizuri, ila ikipanda kichwani huziba na macho.

Sasa, Tilbrook wana desturi yao. Boti ikishushwa, fundi mgeni aliyeiziba husimama ndani yake peke yake, miguu mitupu. Ikishatulia, mkuu wa karakana humuuliza kutoka ukingoni, "Miguu vipi?" Akijibu kwamba ni mikavu, keki inakatwa, na jina lake linachongwa kwenye boriti ya karakana, pamoja na majina ya wale waliounda boti za vita. Rosalie alilitaka jina lile pale juu kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote tangu afike Uingereza.

Jumamosi ya kushusha, kanisa zima la Rosalie lilikuja kutoka mjini, na vitenge na sinia za sambusa. Njoroge, nesi Mkenya anayeongoza kwaya, alijipenyeza mpaka ukingoni kabisa na simu yake. Kwa kuwa mfereji ni mwembamba, boti hushuka ubavu ubavu. Basi ile ikateleza, ikapiga maji kwa kishindo, waliokaa mbele wakaloa chapachapa, watu wakashangilia.

Rosalie aliyumba, akasimama wima. Halafu akasikia baridi kwenye vidole vya mguu wa kushoto. Alipotazama chini, aliona uzi wa maji unatoka kwenye pamba yake mwenyewe na kujikusanya kando ya unyayo.

Njoroge naye aliona. "Mama Précieuse," alimnong'oneza, "wewe sema ni kavu tu. Si mtairekebisha Monday? Nani atajua?"

Na kweli, nani angejua? Lakini Rosalie aliwahi kupanda boti ya mtu aliyeapa kwamba haivuji. Ndiyo iliyowatoa Kongo, wakiteka maji kwa sufuria njia nzima, na si wote walioipanda waliofika Kigoma. Mume wake hakufika.

"Miguu vipi?" Maureen aliita.

Rosalie aliinua uso. "Imelowa!" alipaza sauti kwa Kiswahili, kisha akarudia kwa Kiingereza ili asibaki mtu wa kujifanya hakuelewa. "Ni upande wangu. Pamba yangu haikushiba mafuta, na nilijua."

Aliyeshika kisu cha keki akakiweka chini.

"Babu yangu aliziba boti za jeshi la majini," Maureen alisema, kwa sauti ya kusikiwa na wote. "Alikuwa akisema, wakaguzi wakija huuliza kwanza ni nani hapa aliyewahi kusema imelowa. Wasipomwona hata mmoja, hawanunui." Akageukia karakana. "Leteni kamba, tuirudishe juu! Keki itangoja. Boti itangoja. Jina tunachonga leo."

Rosalie alitaka kushuka, akakatazwa. Fundi haiachi boti yake inavuja. Kwa hiyo alisimama mlemle, maji yakimpanda kifundoni, huku wanakijiji na wanakwaya wakiikamata kamba moja na kuvuta, Njoroge akiwa ameitia simu mfukoni kwa haya. Hapo ndipo alipomsikia mzee mmoja mgeni akiuliza nani huyu aliyeharibu sherehe ya watu.

"Ni mama yangu," Précieuse alimjibu kwa Kiingereza chake cha Birmingham, bila kuiachia kamba. "Ndiye fundi wa hii boti. Shika hapa, uvute."