Kinyamazishi

Daktari alimvuta Emőke pembeni, kwenye korido, akamwambia kwamba mumewe ana saratani ya tezi za limfu na imeshajipenyeza tumboni. Dezső mwenyewe alikuwa nyuma ya mlango wa pili tu, anafunga vifungo vya shati.

"Yeye tutamwambia ni vidonda vya tumbo," daktari alisema kwa sauti ya chini. "Vidonge vipo, na vinasaidia. Wapo wanaoishi navyo miaka. Lakini mgonjwa akilijua jina la ugonjwa, anakata tamaa, basi. Wewe ni mtu wa sayansi, Bi Emőke, unanielewa."

Lőrinc, kaka yake Dezső, aliyekuja na gari kuwachukua, aliitikia kabla Emőke hajafungua mdomo. "Mdogo wangu namjua. Ukimwambia tu, shemeji, umemzika."

Ndivyo mambo yalivyokuwa Szeged, huko Hungaria, miaka ile. Warusi walikuwa wameshafungasha na kwenda zao, magazeti yanaandika yanalotaka, lakini saratani bado haikutajwa mbele ya mwenye nayo. Mke aliambiwa, kaka aliambiwa, pengine hata jirani akadokezwa, na mgonjwa akabaki kuzungukwa na watu waliojikausha. Wenyewe waliuita utu. Mimi utu wake sijawahi kuuona.

Emőke alisema sawa. Alingoja kilio, hakikuja. Kilichokuja ni ganzi, kama ya mguu uliokaliwa, ila hii ilimshika mwili mzima na haikuachia.

Na kazi yake haikumsaidia. Emőke alikuwa mtafiti wa nzi wa matunda, na ujana wake wote ulikuwa umeishia kwenye jeni moja. Kila seli ya kiinitete, kiwe cha nzi au cha mtu, imebeba maagizo ya mwili mzima: ya jicho, ya mguu, ya utumbo. Sehemu kubwa ya kukua ni kuyafunga yale yasiyotakiwa mahali hapo. Jeni ya Emőke ilikuwa miongoni mwa wafungaji, na pale maabara waliiita kinyamazishi. Ikilegea, nzi anaota vipande vya miguu mahali pa papasi, vile vipembe vyake vya kunusia. Na juzijuzi watu wa nchi za mbali walikuwa wameonyesha kwamba jeni iliyo ndugu ya hiyo, ikizidisha bidii kwenye mwili wa panya, inasaidia kuzaa saratani ya tezi. Siku habari hiyo ilipofika, maabara nzima ilishangilia. Hata Emőke alikunywa glasi ya pombe ya plamu, yeye asiyekunywa.

Kwa hiyo alijua. Alijua kuliko kaka mtu, na kwa upande mmoja kuliko hata daktari, na bado alirudi nyumbani, akavihamishia vidonge kwenye chupa isiyo na maandishi, akaosha vyombo.

Dezső alikuwa dereva wa tramu, mtu wa maneno, na likizo ya ugonjwa ilimchosha kuliko ugonjwa. Alishinda jikoni akipika mchuzi wa samaki uliokolea paprika, ile pilipili nyekundu ya kwao, na mkewe akirudi, anaanza.

"Haya, mganga wa nzi! Wagonjwa wako wameamkaje?"

"Wazima."

"Hakuna aliyefariki?"

"Wapo."

"Poleni na msiba, jamani. Mazishi lini?"

Emőke alikula mchuzi. Zamani angecheka, au angemtupia kitambaa cha mezani. Sasa alisikia maneno, akajua kwamba yanachekesha, na mdomo wake ukabaki ulivyo. Alipomaliza kula alimsogezea mumewe kidonge kwenye kisahani.

"Hivi vidonda gani hivi, dawa yake inamtapisha mtu kuliko ugonjwa?"

"Meza tu."

"Haya, bosi."

Lőrinc alikuja kila Jumapili na machungwa. Alimwita mdogo wake majina ya utotoni, akamkumbatia mara mbili kabla ya kuondoka, na akifika kwenye gari anajifuta macho. Emőke alimtazama kutoka dirishani bila kumhurumia wala kumchukia.

Jumamosi moja Emőke alikuwa maabara peke yake. Nzi hawajui Jumamosi. Chupa zao sharti zibadilishwe chakula kisijeota ukungu, la sivyo ukoo mzima unapotea. Dezső aliingia akihema kwa ajili ya ngazi, akakaa kwenye stuli.

"Nimevitupa," alisema.

"Nini?"

"Vidonge vyako. Chooni, nikavuta maji. Mama yangu vidonda vyake alivitibu kwa maziwa, akazeeka navyo. Mimi Jumatatu narudi kwenye tramu yangu."

Emőke alikuwa na brashi mkononi. Mbele yake nzi waliolazwa kwa gesi walianza kuchezesha miguu. Aliwaongezea gesi, kwa sababu ndicho alichozoea kufanya, kisha akasogea.

"Njoo utazame."

Dezső aliinamia hadubini. "He! Huyu ana miguu usoni! Nani kamfanyia hivi, maskini?"

"Jeni imelegea. Ilitakiwa ikinyamazishe kichwa kisitoe miguu. Watu nao wanayo. Kwa watu inaweza kukosea kwa upande mwingine, ikanyamazisha kupita kiasi, hata jeni zile zinazoiambia seli sasa umekua, acha kuongezeka. Basi seli inajiona bado imo tumboni mwa mama. Inaongezeka tu."

"Na watu hao wanakuwaje?"

"Wanapata saratani ya tezi. Kama wewe, Dezső. Yako kama ni jeni hiyo sijui, hakuna aliyepima. Lakini ni saratani."

Alijisikia akiyasema kwa sauti ya darasani, na hakuwa na sauti nyingine. Dezső aliinua kichwa taratibu.

"Nani anajua?"

"Daktari. Lőrinc na mkewe. Mimi."

"Toka lini?"

"Toka siku ile ya hospitali."

"Lőrinc nilimshuku," alisema. "Na machungwa yake. Roho ilikuwa juu, nakwambia kweli, usiku silali. Halafu nikawa nakutazama wewe. Unakula, unafua, unaenda kazini. Nikasema, huyu ndiye anayeyajua haya mambo. Lingekuwa jambo, lingeonekana usoni mwake. Nikatafuta, sikuona kitu. Ndiyo maana nikavitupa."

"Sikuwa nimetulia. Nilikuwa nimekufa ganzi."

"Mimi ningelijuaje hilo?"

Emőke aliwarudisha nzi chupani kwa brashi, mmoja mmoja.

"Vingine vinapatikana?" Dezső aliuliza.

"Jumatatu, hospitali ikifungua."

"Basi nitameza." Aliibana mikono kati ya magoti. "Lakini na wewe ogopa, mke wangu. Ogopa hata kidogo, nikuone. Usiniache naogopa peke yangu."

Emőke alitaka. Aliiweka brashi chini, akamshika mkono, akautazama uso ule alioishi nao, akangoja. Hakuna kilichokuja.

"Naogopa," alisema kwa sauti ile ile ya darasani, na Dezső akatazama pembeni.