Sauti ya Marehemu Andrea Ndani ya Pijo la Kukodi

Bhagwanji alikodisha gari lake la Pijo pamoja na dereva wake Mughwai, na masharti aliyasema mlangoni pa duka, pale Singida mjini.

"Muziki wako sawa, bwana. Lakini betri zako mwenyewe. Ukigusa betri ya gari, Mughwai atakushusha porini."

Abiria akacheka. Alikuwa kijana wa kiatu cheusi, amepakata redio kaseti kama mama apakatavyo mwana. Alisema anaitwa Antipasi, anafanya kazi kiwanda cha pamba Mwanza, na anakwenda Ihanja "na kurudi."

Kurudi na nini? Hilo hakulisema.

Walipouacha mji akabonyeza kitufe. Mughwai nusura aliingize gari mtaroni. Ilikuwa sauti ya mzee Andrea, rafiki yake, aliyezikwa mwaka uliopita. Aliimba Kinyaturu, akiwasifu ng'ombe wake mmoja mmoja kwa jina, na wa kwanza alikuwa dume moja ambalo jina lake kwa Kiswahili ni Mpita-Kiangazi.

Mpita-Kiangazi alikuwa kwa Mughwai, Ihanja, akichungwa na mkewe Anastazia. Yeye na ng'ombe wengine wa Andrea. Mnyaturu mwenye akili halazi mali yake yote zizi moja. Huwagawa ng'ombe kwa marafiki kimyakimya, hata watoto wasijue, maana mdomo wa mtoto hauna komeo. Andrea alikufa ghafla, na siri ikabaki kwa Mughwai na mkewe tu.

"Unamjua anayeimba, mzee?"

"Wazee wote huimba hivyohivyo."

"Ni baba yangu. Nilimrekodi alipokuja Mwanza kutibiwa."

Labda. Andrea alikuwa na mwana kweli, aliyeondoka bado kamasi zinamtoka. Lakini miezi ile watu walikuwa wakihamishiwa vijiji vya ujamaa, na maofisa walipita wakiuliza nani ana mifugo mingapi. Mtu wa kuhesabu akitaka kukunasa, atashindwa kupata kaseti?

Na mwenendo wake! Kila penye nyumba aliomba gari liende polepole, akafungua kioo, akaongeza sauti, kisha akawa anatazama nyuso za watu. Wimbo ulipokwisha aliurudisha mwanzo.

"Huna mwingine?" Mughwai akauliza. "Hata wa dansi?"

"Ninao. Lakini huu ndio unaofanya watu washtuke." Akageuka. "Kama wewe pale mwanzo."

"Nilikwepa shimo."

"Shimo sikuliona."

"Ungelionaje, wewe kazi yako kutazama watu?"

Mughwai akaapa moyoni kuipita Ihanja kama haijui, amshushe huyu mbele huko, arudi. Amana ya marehemu haipewi mpita njia.

Lakini penye kona ya Ihanja, Anastazia alikuwa anavusha ng'ombe. Mughwai akapiga honi, mama wa watu akawaswaga haraka, wote wakavuka. Wote ila Mpita-Kiangazi. Dume lile lilisimama katikati ya barabara, masikio mbele, likaja mpaka kwenye kioo cha gari na kuingiza pua ndani, palipokuwa na sauti.

Mughwai akazima injini. Sasa tutajuana, aliwaza. Mhesabuji atatazama kundi.

Antipasi hakutazama kundi. Alishuka, akapapasa sikio la kushoto la dume lile mpaka akakuta pengo la alama.

"Baba alimkata hapa, mimi nimeshika kamba," alisema. "Alinipiga teke hili jinga." Akalaza shavu shingoni pake, vumbi na kupe bila kujali.

Mughwai akashusha pumzi. "Ungeniuliza tu, mwanangu."

"Ningekuuliza, ungesema?"

"Nisingesema."

"Basi. Na wengine wako wapi?"

"Endelea kupiga kaseti yako. Atakayeitika ni wa baba yako."

Wakaitika. Ng'ombe wakubwa wakageuka mmoja mmoja, wakakusanyika penye Pijo la Bhagwanji, wakilamba bodi.

Anastazia akaegemea fimbo yake, akamgeukia mumewe. "Na ndama je, baba? Hawa wamezaliwa kwetu. Sauti hiyo hawaijui."

Antipasi akamtazama Mughwai vilevile alivyokuwa akitazama watu wa njiani.

"Mambo ya ndama, kati ya mwenye mali na mchungaji, yana desturi yake, yataongelewa ndani," Mughwai akasema. "Zima hiyo kwanza, watu wanasikia."

Antipasi aliingia garini, akakaa kungoja neno la ndama. Kaseti hakuizima.