Mkwe Wangu na Joto la Giaboksi

Mimi kumsifu mkwe si kawaida yangu, watu wangu wanajua. Mwanangu alipooa fundi wa giaboksi nilinuna wiki nzima. Mwanamke gani huyo, kutwa yuko chini ya magari! Lakini siku dada yangu alipogoma hospitalini, hakukuwa na mwingine wa kunipeleka ila yeye.

Dada alitakiwa kupasuliwa, naye akawaambia madaktari haingii chumba cha upasuaji mpaka anione. Kichwa kigumu tangu utotoni. Nesi akanipigia: daktari anaondoka leo, harudi mpaka mwezi ujao, na tumbo la dada halina subira hiyo. Nikapanda gari roho juu juu.

Mlimani malori yalikuwa yanatambaa, nasi nyuma yao, mara tusogee, mara tusimame. Kwenye dashibodi mkwe wangu alikuwa amefunga geji ndogo ya joto la oili ya giaboksi. Mshale ukapanda, ukapanda tena. Akatoka barabarani, akasimama.

"Ala! Unafanya nini?"

"Oili imepata moto mno, Mama. Ikiungua, giaboksi inakufa na tutalala hapa."

"Basi zima gari lipoe!"

"Nikizima, oili itatulia palepale na moto wake. Acha injini iizungushe, ipite kwenye rejeta, ipoe."

Akatoa gia, akakanyaga mafuta kidogo tu, akazima kiyoyozi. Kisha, jamani, akawasha hita! Jua kali lile, na hita usoni!

"Inavuta joto la injini, rejeta ipate nafuu," akasema.

Nikamjia juu. Nilimwambia dada yangu akifa, lawama ni zake. Maneno mazito, nayajua. Yeye wala hakununa. Jasho lilimtiririka mpaka kidevuni, na macho yake hayakubanduka kwenye ule mshale. Ningekuwa mimi, ningeling'oa gari pale kwa hasira tu. Yeye alisubiri mpaka uliposhuka, akaingiza gia ndogo na kuifunga hapo isijibadilishe ovyo, maana gari ni la otomatiki, akaacha nafasi mbele yetu, tukapanda taratibu mpaka juu. Loo, yule mtoto anajua kazi yake! Nilimkodolea macho njia nzima kama simjui.

Tulimkuta daktari ameshavua koti jeupe, begi begani. Dada akanitazama kutoka kitandani.

"Umechelewa."

"Shukuru nimefika. Bila huyu ningekuwa bado mlimani." Nikamvuta mkwe wangu mbele.

"Ndiye yule unayemsema kwenye simu kila siku?"

Mkwe wangu alisikia kila neno. Nikatamani ardhi ipasuke inimeze.

"Ndiye," nikasema. "Na yote niliyosema ni upuuzi wangu."

Dada akacheka mpaka akashika tumbo kwa maumivu.

"Sijawahi kukusikia ukikubali kosa maishani mwako," akasema. Daktari akashusha begi, naye dada akawageukia manesi. "Haya, nipelekeni."