Vichupa Vitano na Ungo wa Bibi Maimuna

Maji ya utafiti wa Mwanahija yalikuwa na vipira vidogo mno, hata ukivaa miwani ya watu watatu huvioni. Vikitulia, hujipanga vyenyewe safu juu ya safu kama machungwa ya sokoni. Ukivipiga eksirei, miale hutawanyika: vikiwa vimepangika unapata picha ya nukta safi, vikiwa shaghalabaghala, miduara hafifu. Mwaka jana Mwanahija alipata miduara. Akiipata tena, shahada yake ya uzamivu imepotea. Mashine yenyewe iko Ulaya, na zamu yake ni siku moja tu.

Kabla ya zamu hiyo alikuja kwao Rasbura kwenye harusi ya kaka yake, akaviweka vichupa vyake vitano vya maji hayo stoo kwa bibi yake, vitulie wiki tatu.

"Bibi, hivi visitikiswe. Hata kidogo."

"Nimesikia, mjukuu wangu."

Kusikia alisikia kweli. Ila Bibi Maimuna ameuza mchele kwa pishi miaka arobaini, na mtu wa namna hiyo humfundishi namna ya kupanga kitu.

Asubuhi ya safari Mwanahija alimkuta stoo, ungo mapajani, vichupa vimelala ndani. Anavipeleka kushoto, anavirudisha kulia, polepole, midomo ikicheza.

"Bibi! Unafanya nini?"

"Navisaidia. Mchele usipoutikisa kwenye pishi haukai sawa. Kila siku nikishaswali alfajiri navifanyia hivi."

Kila siku! Mwanahija alilia mpaka wanja ukamfika kidevuni. Akaondoka amevipakata vichupa vyake, bila kumuaga Bibi vizuri, na hilo lilimchoma njia nzima.

Zamu haiahirishwi, kwa hiyo akavipiga eksirei hivyo hivyo. Nukta! Cha kwanza nukta, cha pili nukta, hadi cha tano. Profesa wake akavua miwani.

"Ulivitikisa taratibu, siyo? Ndiyo dawa yake. Mara ngapi kwa siku? Bila idadi, hii si kazi ya kisayansi."

Mwanahija akapiga simu nyumbani, sauti imemnywea.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Vimeharibika?"

"Vimepangika, Bibi. Nisamehe. Ulikuwa unatikisa mara ngapi?"

"Si kwa tasbihi, mwanangu? Subhanallah thelathini na tatu, alhamdulillah thelathini na tatu, Allahu akbar thelathini na nne."

Mwanahija akaandika: mia moja.

"Ila Ijumaa nilikuwa nazidisha," Bibi akaongeza. "Ijumaa nakuombea wewe, na hapo huwa sihesabu."

Mwanahija akamtafsiria Profesa, naye akauliza Ijumaa iandikwe ngapi. Mwanahija alikuwa analia tena.