Harusi Tumboni Mwangu

Usiku wa jana niliota nimealikwa harusi, na ukumbi ni tumboni mwangu. Sikushangaa. Kilichonikera ni kwamba sikuwa na kanzu iliyopigwa pasi.

Mlangoni yupo Tumbo mwenyewe, bwana mnene, amenuna.

"Baba Nasra, umekuja kuniozeshea mlinzi mwingine?"

"Mlinzi gani?"

"Asidi! Ndio wanaolainisha nyama zako na kuua vijidudu hapa mlangoni. Wewe kila ukila pilau na achari ya ndimu, unashushia gilasi ya magadi, kiungulia kije kisije. Kila Magadi akishuka, Asidi mmoja anaoa. Wakioana tu, wanageuka chumvi, maji na hewa. Nimebaki na huyu mmoja."

Nachungulia nje. Vijidudu vya juisi ya miwa niliyokunywa juzi vimepanga foleni, vimechana nywele.

"Shikamoo, mzee," vinaniamkia. "Mlinzi akishaoa tuingie?"

Naitikia marahaba, lakini naogopa kweli.

Nikigeuka, ukumbi umekuwa maabara ya shule yetu ya sekondari. Mfungishaji ndoa ni karatasi ya litimasi. Akimtazama bwana harusi, Asidi, anakuwa mwekundu. Akimtazama bibi harusi, Magadi, anakuwa bluu. Amechoka.

"Kuna mwenye pingamizi?"

Magadi ananikonyeza. Tumezoeana miaka minane, na natamani kunyamaza. Lakini foleni kule nje inasogea. Nafungua kinywa niseme, inatoka mbweu.

"Mbweu si pingamizi," anasema Litimasi. "Kama unapinga, weka kidole gumba hapa."

Nakibonyeza kifuani pake, naye amemtazama Asidi. Kinatoka chekundu. Vijidudu vinaguna na kutawanyika.

Asidi ananipa mkono, unawasha kidogo. "Ahsante, mzee. Ila na achari upunguze. Tukichokozwa sana tunapanda kooni."

Nikaamka. Mke wangu Salha alikuwa amesimama na gilasi yangu ya magadi, kama kawaida.

"Kunywa, maana jana achari uliifagia peke yako. Na hicho kidole mbona chekundu?"

"Nimezuia harusi."

"Ya nani tena?"

Nilikichovya kidole kwenye gilasi, tukakitazama wote wawili kikigeuka bluu.

Salha aliichukua gilasi taratibu, akaenda kuimwaga uani.