Paja la Kuku na Divai ya Njano

Jumamosi kabla ya chakula cha mchana, Edah alisimama jikoni na chupa mkononi, akiiinamisha juu ya kila sufuria. Juu ya nyama ya ng'ombe hakikutoka kitu. Juu ya maharagwe pia. Juu ya kuku wa krimu likadondoka tone moja zito, la njano kama samli.

"Kuku," akasema Edah.

"Si nilikwambia," akajibu Mukhisa, mpishi. "Chupa hii ni mkwe. Ukimwekea mboga hafungui mdomo."

Ilikuwa divai nyeupe kutoka Ufaransa. Memsabu, mke wa bwana mzungu mwenye shamba, aliletewa kreti nzima hapo shambani, maili sita kutoka Kitale, mwaka wa 1938. Wiki ya kwanza wakajua tabia yake. Ilikubali kuku wa krimu, samaki wa mtoni aliyekaangwa kwa siagi, na uyoga. Vingine ilikataa, hata chupa ikipinduliwa. Kazi ya kuiuliza akapewa Edah, kwa sababu mikono yake haikutetemeka.

Mukhisa alikuwa mjomba wake, ndugu ya mama yake, na ndiye aliyemtoa Kabuchai akamtafutia kazi. Kwao Kabuchai mwanamke hupika kuku, lakini haruhusiwi kumla. Firigisi hupewa wazee kwa heshima, nyama ni ya wanaume. Edah alikuwa na miaka kumi na tisa, na kuku wote aliowapika hakuwahi kulamba hata kidole.

Siku hiyo Mukhisa alipotoka kuleta kuni, Edah akala paja moja. Alilila amesimama nyuma ya mlango wa stoo mpaka mfupa ukawa mweupe. Lilikuwa tamu kuliko alivyofikiri, na hilo ndilo lililomwaibisha zaidi.

Mezani memsabu akamwita mpishi mbele ya wageni.

"Mpishi, kuku iko miguu ngapi?"

"Mbili, memsabu."

"Moja iko wapi?"

Mukhisa akaangalia sahani. Halafu akamwangalia Edah aliyesimama karibu na ukuta na chupa yake, kidevu kikimng'aa mafuta.

"Mimi nakula, memsabu."

Bwana akaagiza kipande cha Mukhisa, kile cheti chake cha kazi, kiletwe, akaandika humo kwamba huyu ni mwizi, amefukuzwa. Wino ulipokuwa unakauka, Edah akaambiwa amimine. Akainamisha chupa. Divai ikatoka yote, ikapita juu ya glasi ya kwanza, ikapita ya pili, ikaizunguka meza hewani bila kulowesha kitambaa, ikarudi ikasimama mbele ya midomo ya Edah, ikingoja. Mgeni mmoja alisogeza kiti ili ipite.

"Kumbe ni wewe," akasema memsabu.

Bwana akasema yameshaandikwa, na kuku anapoa. Edah akaambiwa afungue chupa nyingine.

Alimkuta Mukhisa njiani amebeba blanketi lake.

"Mjomba, nitawaambia nyumbani."

"Utawaambia nini? Ati msichana amekula kuku? Nani atakuoa, bana? Mimi nimeshazeeka. Rudi, sufuria zinakungoja."

Akarudi.

Huko Kabuchai karani wa chifu alikisoma kile kipande kwa sauti mbele ya watu. Tangu hapo, kila Krismasi Edah akija Kabuchai, yeye ndiye aliyebeba sahani ya firigisi kuwapelekea wazee, na kila mwaka aliambiwa ampite Mukhisa, kwa sababu mwizi hapewi. Mukhisa alikula ugali na mboga, macho kwenye ugali.

Kila Edah alipofika mbele yake, divai ilimtoka viganjani, njano, ikinukia siagi. Mama yake alishazoea, alimwekea kitambaa begani mapema. Edah akajifuta mkono mmoja, akajifuta wa pili, akapeleka sahani kwa mzee aliyefuata.