Kihisi Namba Tisa
Laurentine alikuwa akinywa chai iliyokwisha kupoa pale kihisi namba tisa kilipogeuka chekundu kwenye skrini ya ofisini mbele yake. Vihisi ishirini na viwili, vijisanduku vya ukubwa wa kiganja, vilifungwa juu ya bomba la mafuta kutoka reli hadi matangi ya kampuni, kila kimoja kikituma habari zake bila waya. Namba tisa kilikaa pale bomba linapovuka mto Naviundu. Msukumo wa mafuta ulikuwa umeshuka.

"Iko betri tu," alisema Donat, mkuu wake, bila kuinuka. "Wagoni zinangojea. Usifunge bomba."

Mwaka uliopita alisema maneno hayo hayo, na Laurentine akatii. Saa mbili baadaye mafuta yalifika kwenye bustani za mboga kando ya mto, mtu akawasha mbaula, jiko lake la makaa, na mama mmoja aitwaye Chanda akaungua hadi kufa. Tangu siku ile Laurentine alikula, alilala, alikwenda misa, kama anayetimiza kazi ya mtu mwingine.

Safari hii mkono wake ulibonyeza tu kitufe cha kufunga. Vali za bomba zikajifunga. Donat akafoka. Laurentine alichukua kofia yake, akapanda pikipiki mpaka mtoni.

Ufa ulikuwa mwembamba kama uzi. Udongo ulilowa hatua tatu hivi, basi. Mafuta hayakufika majini. Aliwaambia wakulima wazime mbaula zao, wakazima. Mafundi walipokwisha kuufunga ule ufa, Donat alipiga simu.

"Bon, umefanya muzuri. Direkta anafurahi."

"Ndiyo, chef."

Laurentine alingoja furaha imjie naye. Hakuna kilichokuja.

Exaucée, binti ya marehemu Chanda, alikuwa akichuma lengalenga kwenye tuta la mama yake. Akamtazama Laurentine.

"Leo mumefunga mbio. Siku ya mama mulikuwa wapi?"

Kampuni ilikuwa imewafundisha jibu la swali hilo; hakulitumia.

"Nilikuwa ku kiti," alisema Laurentine. "Niliona ile rangi nyekundu. Chef alisema niache, nikaacha."

Mboga zilimponyoka Exaucée moja moja. Machozi yalimtoka, hakuyafuta.

"Kuya useme vile mbele ya baba."

Wakapanda njia ya kwenda mtaa wa Hewa Bora, Exaucée mbele. Mzee, mume wa marehemu, alikuwa mlangoni akishona kiatu. Laurentine alimwamkia, akaketi alipoonyeshwa, akaanza kusema tangu mwanzo, kwa sauti ile ile aliyosomea ripoti za kazini, mpaka mzee akaweka sindano chini.